Uzi: Kuwathibitisha watumiaji wa kanzidata za Oracle kwa Active Directory kupitia seva ya saraka pepe

Mwanzisha uzi (Dodoma)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa maafisa TEHAMA na wasimamizi wa kanzidata, hasa wale wanaohudumia taasisi zenye kanzidata kadhaa za Oracle na watumishi wanaohamishwa mara kwa mara. Sisi tunaofanya kazi hapa Dodoma, kuanzia Mji wa Serikali Mtumba hadi katikati ya jiji, tunalifahamu tatizo hili kwa karibu. Mtumishi anapata barua ya uhamisho, akaunti yake ya Active Directory, yaani saraka ya watumiaji wa Windows, inafungwa ndani ya siku chache, lakini akaunti zake ndani ya kanzidata ya mishahara, ya manunuzi na ya masjala zinabaki wazi, kwa sababu kila moja ilifunguliwa peke yake na inamsubiri mtu wa kukumbuka kuifunga. Nimewahi kupitia orodha ya akaunti za taasisi moja nikakuta majina ya watu waliostaafu zamani, na baadhi ya akaunti hizo zilikuwa bado zinaingia. Jambo hilo si dogo. Linagusa fedha za umma na taarifa za watu.

Oracle ina utaratibu uitwao Enterprise User Security, ambao kwa kifupi nitauita EUS, unaoiwezesha kanzidata kumtambua mtumiaji aliyeandikwa kwenye saraka ya LDAP (itifaki ya kusoma na kutafuta kwenye saraka) badala ya kuwa na akaunti yake binafsi ndani ya kila kanzidata. Utaratibu huo uliundwa ukiitegemea saraka ya Oracle yenyewe. Taasisi nyingi, hata hivyo, tayari zina watumishi wake wote ndani ya Active Directory, na hakuna sababu ya maana ya kujenga saraka ya pili na kunakili watu wale wale. Hapo ndipo inapoingia seva ya saraka pepe: inakaa katikati, kanzidata inaiona kama saraka ya Oracle, nayo kwa upande wake inachukua taarifa kutoka Active Directory kila zinapohitajika, bila kuwahifadhi watumiaji ndani yake. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilifanywa na Oracle Virtual Directory, bidhaa ambayo asili yake ni kampuni ya OctetString iliyonunuliwa na Oracle mwaka 2005. Leo anayeanza upya atatumia Oracle Unified Directory, ambayo ina uwezo huo huo wa kukaa katikati.

Kabla ya kugusa faili lolote, naomba jambo moja lieleweke vizuri, maana karibu kila lalamiko ninaloletewa kuhusu kazi hii linatokana nalo. Mifumo mingi inayotumia LDAP humthibitisha mtumiaji kwa kuchukua jina na nywila yake na kujaribu kuingia navyo kwenye saraka. Saraka ikikubali, basi mtumiaji ni halali. Kanzidata ya Oracle kwa njia ya nywila haifanyi hivyo. Inaingia kwenye saraka kwa jina lake yenyewe, inamtafuta mtumiaji, inasoma heshi ya nywila yake, yaani alama inayokokotolewa kutoka kwenye nywila, kisha inailinganisha ndani ya kanzidata na nywila aliyoiandika mtumiaji. Sasa, Active Directory haimpi mtu yeyote heshi za nywila kupitia LDAP, na ni vyema kwamba haifanyi hivyo. Kwa hiyo hata ukisanidi seva ya saraka pepe kwa ustadi wa hali ya juu, kama hujaamua heshi itatoka wapi, mtumiaji hataingia.

Kuna majibu mawili. La kwanza ni kufunga kichujio cha nywila, faili liitwalo oidpwdcn.dll, kwenye kila seva ya domeini, yaani seva inayoendesha Active Directory. Kichujio hiki hukaa ndani ya Windows na kila mtumishi anapobadilisha nywila yake huandika heshi inayoeleweka na Oracle kwenye sifa maalumu ya mtumiaji iitwayo orclCommonAttribute. La pili ni kuachana na nywila kabisa na kutumia Kerberos, ambapo mtumishi aliyekwisha kuingia kwenye kompyuta yake ya ofisini anaingia kwenye kanzidata kwa tiketi. Nitaeleza njia ya kwanza kwa undani kwa kuwa ndiyo inayoulizwa zaidi, ingawa kwa maoni yangu taasisi ambayo watumishi wake wote wanatumia kompyuta zilizomo ndani ya domeini ingefaa kuanza na Kerberos.

Kazi ya kwanza inafanyika upande wa Active Directory, na inahitaji kibali cha maandishi kutoka kwa mwenye domeini. Ni lazima kupanua skima ya Active Directory ili ikubali aina za maingizo ambazo Oracle inazitumia. Programu ya extendAD, inayokuja pamoja na seva, ndiyo inayofanya kazi hiyo:

java extendAD -h seva_ya_domeini -p 389 -D msimamizi -w nywila -AD dc=taasisi,dc=local -commonattr

Nyongeza za skima katika Active Directory hazifutiki. Zinaweza kuzimwa tu. Kwa sababu hiyo fanyeni jaribio kwanza kwenye domeini ya majaribio, na msikubali kuharakishwa na mtu anayetaka mfumo uwake kabla ya mwaka wa fedha kwisha tarehe 30 Juni. Baada ya kufunga kichujio cha nywila, kila seva ya domeini inapaswa kuzimwa na kuwashwa upya, na kila mtumiaji anayehusika anapaswa kubadilisha nywila yake, kwa sababu kichujio hakiwezi kutengeneza heshi ya nywila ambayo hakikuiona ikiandikwa.

Upande wa seva ya saraka pepe, zinahitajika adapta za aina mbili. Adapta ya hifadhi ya ndani inabeba maingizo machache ya mzizi ambayo kanzidata inayatafuta mwanzoni, yaani cn=OracleContext na cn=OracleSchemaVersion. Adapta ya LDAP inaelekezwa kwenye Active Directory, na ndiyo inayowaleta watumiaji, makundi, pamoja na OracleContext ya taasisi ambayo programu ya extendAD imeiunda. Adapta hii inaingia Active Directory kwa akaunti ya huduma. Akaunti hiyo iwe na haki ya kusoma orclCommonAttribute na kuandika kwenye OracleContext pekee. Muda wake wa nywila nao upangwe kwa makini: nywila ya akaunti hiyo ikiisha muda usiku wa manane, asubuhi hakuna mtumishi hata mmoja wa EUS atakayeingia kwenye kanzidata yoyote.

Usisahau kueleza jina la kuingilia ni sifa ipi. Watumishi wamezoea jina lao la Windows, ambalo liko kwenye sAMAccountName, hivyo sifa ya orclCommonNicknameAttribute chini ya cn=Common,cn=Products,cn=OracleContext inapaswa kulingana na hilo, na orclCommonUserSearchBase ioneshe tawi ambalo watumishi wako ndani yake. Tawi likiwa finyu mno, watumishi wa ofisi za kanda hawataonekana. Likiwa pana mno, unaingiza akaunti za huduma na za wageni ambazo hazina sababu ya kuonekana na kanzidata.

Kwenye kanzidata, faili la ldap.ora ndilo linaloeleza saraka iko wapi:

DIRECTORY_SERVERS = (saraka1.taasisi.local:1389:1636, saraka2.taasisi.local:1389:1636)
DEFAULT_ADMIN_CONTEXT = "dc=taasisi,dc=local"
DIRECTORY_SERVER_TYPE = OID

Mstari wa tatu unasema OID, yaani Oracle Internet Directory, hata kama saraka halisi ni Active Directory, kwa sababu kanzidata inazungumza na saraka pepe na inaitambua kama saraka ya Oracle. Poti nilizoandika ni zile za kawaida za Unified Directory. Kwenye Virtual Directory ya zamani ni 6501 na 7501. Nimeweka seva mbili kwa makusudi. Mwenye seva moja tu amejenga sehemu moja ambayo ikianguka inaangusha kila kitu.

Kisha kanzidata inasajiliwa kwa kutumia DBCA, programu ya Oracle ya kuunda na kusanidi kanzidata. Usajili unatengeneza ingizo la kanzidata kwenye saraka, na kuweka jina na nywila yake ndani ya waleti, yaani faili lililosimbwa la kuhifadhi siri, kwenye seva ya kanzidata, chini ya ORACLE.SECURITY.DN na ORACLE.SECURITY.PASSWORD. Hakikisha kigezo cha LDAP_DIRECTORY_ACCESS kimewekwa PASSWORD. Baada ya hapo unaunda akaunti moja ya pamoja, na jukumu la jumla, yaani fungu la haki linalotolewa kupitia saraka:

CREATE USER watumishi_wote IDENTIFIED GLOBALLY;
GRANT CREATE SESSION TO watumishi_wote;
CREATE ROLE msomaji_mishahara IDENTIFIED GLOBALLY;

Akaunti hiyo haina nywila na hakuna anayeweza kuingia kwayo moja kwa moja. Kwa amri ya eusm unaeleza kwamba kila aliye chini ya tawi fulani la saraka anaingia kupitia akaunti hiyo:

eusm createMapping database_name="HRDB" realm_dn="dc=taasisi,dc=local" map_type=SUBTREE map_dn="ou=Watumishi,dc=taasisi,dc=local" schema="WATUMISHI_WOTE" ldap_host=saraka1.taasisi.local ldap_port=1389 ldap_user_dn="cn=msimamizi" ldap_user_password="..."

Baada ya hapo, kwa amri hiyo hiyo ya eusm, unaunda jukumu la taasisi, unalifunga na jukumu la jumla lililo ndani ya kanzidata, na unalikabidhi kwa kundi la Active Directory. Hapa ndipo faida inapoonekana: afisa utumishi anapomwondoa mtu kwenye kundi, hakuna haja ya kumpigia simu msimamizi wa kanzidata.

Karibuni kwa maswali na michango.

Mchangiaji kutoka Singida

Mkuu, shukrani kwa maelezo haya. Sisi tumefuata hatua zote hizo, na usajili wa kanzidata ulikwenda vizuri. Mtumiaji mmoja anaingia bila shida, ila wengine wote wanapata ORA-28274. Wote wako kwenye tawi moja la saraka. Msimamizi wetu wa domeini anasema kwake hakuna tatizo lolote.

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, ujumbe huo unasema kwamba mtumiaji amepatikana kwenye saraka lakini heshi ya nywila inayofaa kwa Oracle haipo. Angalia kama huyo anayeingia ndiye pekee aliyebadilisha nywila baada ya kichujio kufungwa. Mara nyingi inakuwa hivyo. Kama wengine nao wamebadilisha na bado hawaingii, basi chunguza ni seva ipi ya domeini iliyopokea mabadiliko yao. Taasisi yenye seva mbili za domeini, moja makao makuu na nyingine mkoani, hujikuta imefunga kichujio kwenye moja tu. Fungua ingizo la mtumiaji mmoja na utazame kama orclCommonAttribute ina kitu. Kukiwa na thamani humo na bado unapata 28274, basi akaunti ya huduma ya adapta haina haki ya kuisoma.

Kwa faida ya wengine, niongeze misimbo ninayoiona mara nyingi. ORA-28030 ina maana kwamba kanzidata imeshindwa kuifikia saraka au kuzungumza nayo. ORA-28043 inahusu nywila ya kanzidata yenyewe iliyomo kwenye waleti. Tengeneza upya nywila hiyo kwa DBCA. ORA-28273 ni mtumiaji kutopatikana, yaani sifa ya jina la kuingilia au tawi la kutafutia havilingani. Ukitaka kuona kanzidata inafanya nini hatua kwa hatua, washa ufuatiliaji huu kwa muda mfupi, kisha uuzime:

ALTER SYSTEM SET EVENTS '28033 trace name context forever, level 9';

Faili litakalotokea litaonesha jina lililotafutwa, tawi lililotafutiwa na jibu lililorudi. Dakika chache za kulisoma zinaokoa siku nzima ya kubahatisha.

Mchangiaji, Dodoma

Nashukuru, kiongozi. Nina jambo la kuongezea kuhusu ORA-28030, kwa kuwa limetusumbua sana ofisini kwetu. Kila kitu kilikuwa kinafanya kazi, kisha seva ya saraka ikawekewa toleo jipya la Java katika masahihisho ya kawaida ya usalama, na kuanzia hapo kanzidata zote zikaacha kuiona saraka. Mtandao ulikuwa mzima na poti zilikuwa wazi. Je, wengine wamelikuta hili?

Mwanzisha uzi

Limewakuta wengi, na naomba kila msomaji alizingatie. Kanzidata inapotumia njia ya nywila kuzungumza na saraka, inafungua muunganisho uliosimbwa kwa aina ya usimbaji isiyo na cheti, ambapo pande zote mbili hazioneshani utambulisho. Matoleo mapya ya Java yamezima aina hizo kwa chaguo-msingi, na hiyo ni hatua sahihi kwa matumizi ya jumla. Matokeo yake ni kwamba seva ya saraka inakataa kuafikiana na kanzidata, nayo kanzidata inatoa 28030 bila kueleza zaidi. Jaribu kwa ldapsearch ya Oracle ukitumia kigezo cha -U 1 kwenye poti ya usimbaji. Ikikataa hapo, tatizo ni hilo.

Suluhisho la haraka ni kuondoa neno anon kwenye mstari wa jdk.tls.disabledAlgorithms katika faili la java.security la seva ya saraka pekee. Kabla ya kulifanya, hakikisha njia kati ya kanzidata na saraka iko ndani ya sehemu ya mtandao iliyofungwa, na kwamba poti hiyo haifikiki kutoka kwenye kompyuta za watumiaji. Saraka inayotoa heshi za nywila haipaswi kuonekana na kila mtu. Kwa sababu hiyo hiyo, kagua kanuni za haki za kusoma: heshi isomwe na kanzidata zilizosajiliwa tu, na anayeingia bila jina asione chochote zaidi ya mzizi.

Mchangiaji kutoka Iringa

Wakuu, mimi nina mtazamo tofauti kidogo. Kwa nini tuendelee kujenga kitu chenye sehemu nyingi namna hii? Tangu toleo la 18c kanzidata inaweza kuzungumza na Active Directory moja kwa moja, bila saraka ya katikati. Na katika toleo la 23ai Oracle wenyewe wametangaza kwamba EUS iko njiani kuondolewa.

Mwanzisha uzi

Mkuu, hoja yako ni nzito na ninaikubali kwa sehemu kubwa. Utaratibu unaousema, Centrally Managed Users, ni mwepesi zaidi: badala ya ldap.ora unaandika dsi.ora, na kundi la Active Directory linafungwa na jukumu la jumla ndani ya kanzidata yenyewe, bila eusm. Anayeanza leo akiwa na kanzidata za 19c pekee, na watumishi wake wote wakiwa Active Directory, sina sababu ya kumshauri vinginevyo.

Hata hivyo, tusiwaache waliobaki. Kanzidata za 11g na 12c bado ziko kazini katika taasisi nyingi kwa sababu mfumo unaozitumia haujathibitishwa kwa toleo jipya, na hizo hazina njia hiyo. Wapo pia wenye saraka zaidi ya moja, kwa mfano watumishi wako Active Directory na wanafunzi au wabia wako kwenye saraka nyingine ya LDAP. Kwao saraka ya katikati inafanya kazi ambayo muunganisho wa moja kwa moja hauwezi kuifanya. Na tusijidanganye kwamba suala la heshi limeondoka: kwa nywila, utaratibu mpya nao unahitaji kichujio chake kwenye kila seva ya domeini, na nao unaandika kwenye orclCommonAttribute. Kwa hiyo kazi ya kuandaa domeini haipotei. Ushauri wangu kwa mwenye mchanganyiko ni kutumia EUS kwa kanzidata za zamani, kupeleka kila kanzidata inayopandishwa toleo kwenye njia mpya, na kuweka majukumu kwenye makundi ya Active Directory tangu siku ya kwanza, ili uhamisho uwe wa kubadilisha usanidi tu.

Mchangiaji, mkaguzi wa mifumo

Samahani kwa kuingilia, mimi si msimamizi wa kanzidata. Ninasoma kwamba watumishi wote wanaingia kupitia akaunti moja ya pamoja. Kwa kazi yangu hilo ni tatizo kubwa. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika tarehe 1 Mei 2023, ninatakiwa niweze kusema ni nani hasa aliyefungua taarifa za mtu fulani. Nitamjuaje?

Mwanzisha uzi

Swali lako ni la msingi, dada, na wengi hulifikiria wakati mfumo umekwisha kukabidhiwa. Jina la akaunti ya pamoja ndilo litakaloonekana kwenye safu ya mtumiaji, lakini utambulisho halisi haupotei. Ndani ya kila kikao, SYS_CONTEXT('USERENV','ENTERPRISE_IDENTITY') inatoa jina kamili la mtu huyo kwenye saraka, na kumbukumbu za ukaguzi za UNIFIED_AUDIT_TRAIL zina safu za EXTERNAL_USERID na GLOBAL_USERID. Ukiomba ripoti, omba safu hizo zionekane. Ripoti yenye safu ya mtumiaji peke yake haitakusaidia.

Nikuongezee tahadhari moja inayowahusu wakaguzi moja kwa moja. EUS inamtambua anayeingia kwenye kanzidata. Mfumo wa wavuti unaofungua miunganisho yake yote kwa akaunti moja ya programu hauguswi na kazi hii, na humo mtumiaji halisi anajulikana na programu yenyewe tu.

Mchangiaji kutoka Singida

Mkuu, tumekagua. Kichujio kilikuwa kwenye seva moja ya domeini. Tumekifunga kwenye ya pili, watumishi wakabadilisha nywila, na sasa wanaingia. Swali la mwisho: mtu akiondolewa kwenye kundi wakati tayari yumo ndani ya kanzidata, anatolewa papo hapo? Na saraka zote mbili zikizima, tunaingiaje?

Mwanzisha uzi

Nimefurahi kusikia hivyo, ndugu yangu.

Nianze na la pili. SYSDBA, msimamizi mkuu wa kanzidata, anaendelea kuthibitishwa na faili la nywila la kanzidata, na akaunti za kawaida zilizopo zinaendelea kufanya kazi kama zamani. Bakizeni akaunti mbili za ndani za wasimamizi, nywila zake zikae kwenye bahasha iliyofungwa kwa mkuu wa kitengo, na kila zinapotumika iandikwe. Msizihamishie zote kwenye saraka.

Kuhusu la kwanza, hatolewi. Majukumu yanasomwa wakati wa kuingia, hivyo aliyefungua kikao saa mbili asubuhi anaendelea nacho kwa haki zile zile hata kama ameondolewa kwenye kundi saa nne. Kwa mtu anayeondoka kwa uhamisho wa kawaida hilo halina athari kubwa, lakini kwa aliyesimamishwa kazi lina athari, na vikao vyake vinapaswa kukatwa kwa ALTER SYSTEM KILL SESSION. Ugumu ni kwamba V$SESSION, orodha ya vikao vilivyo wazi, inaonesha WATUMISHI_WOTE kwa kila mtu, na huwezi kujua ni kikao kipi cha nani. Wekeni triga ya kuingia inayoandika jina la mtumiaji kwenye kitambulisho cha kikao:

DBMS_SESSION.SET_IDENTIFIER(SYS_CONTEXT('USERENV','AUTHENTICATED_IDENTITY'));

Nimetumia AUTHENTICATED_IDENTITY badala ya ENTERPRISE_IDENTITY kwa sababu safu ya CLIENT_IDENTIFIER inabeba baiti 64 tu, na jina kamili la saraka lenye matawi ya idara na mkoa hupita urefu huo kwa urahisi. Kwa anayeingia kwa nywila, thamani hiyo ni jina lake la kuingilia, na ndilo mtakalolitafuta kwenye V$SESSION.